Mgongo wa Mkono

Septemba hii tumeshahesabu moto wa kumi na nne.
Simu ya Nsajigwa hulia kabla ya adhana
naye haulizi tumeamkaje, hutaja mahali tu:
Mabwepande, nyuma ya machimbo ya mawe.
Mpiji, ng'ambo ya kivuko cha magogo.
Pande yenyewe, katikati, kwenye majani marefu
ambako pikipiki haifiki na maji ni ya kubeba mgongoni.

Tuko saba. Tulikuwa tisa
kabla posho ya Julai haijageuka hadithi.
Tuna mabomba manne ya mgongoni, moja linavuja,
humlowesha Chande suruali, ndiyo maana tunamwita Mtoto.
Tuna fimbo zenye ulimi wa tairi kuukuu.
Hupigi ukainua. Ukiinua unaupa moto pumzi,
cheche unampelekea mwenzako.
Unakandamiza. Unangoja. Unakandamiza tena.
Hilo alinifundisha Tunu siku yangu ya kwanza
kwa kunifokea.

Saa saba mchana upepo hubadili nia.
Nsajigwa huinama, huchota jivu,
huliachia, hutazama linakokwenda.
Juzi lilimrudia usoni.
"Kateni kinga," akasema, akitema,
tukakata, kwa mapanga, kwa majembe,
kwa reki iliyong'oka meno mawili,
upana wa hatua tatu, hadi udongo mwekundu ukatokeza.
Kisha akatoa kiberiti, akawasha mwenyewe.
Dawa ya moto ni moto:
nimekua nikiisikia, nikidhani ni ya watu wa visasi.
Kumbe ni maelekezo ya kazi.
Ile miwili ikakutana, ikasimama wima
kama mabeberu, ikagongana vichwa,
ikakosa cha kula.

Tulimkuta kobe.
Alikuwa amejikunja ndani ya gamba
kama alivyofundishwa na mama yake.
Chande akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Hatua arobaini mbele, tanuri la mkaa,
limefukiwa vizuri, kazi ya mtu anayejua,
upande mmoja tu ndio uliopasuka.
Kandambili moja ya bluu. Sahani. Chumvi kwenye mfuko.
Tunu alimtukana mwenye kandambili mpaka sauti ikakatika.
Mimi nilijaribu, nikashindwa.
Asubuhi ile ile nilikuwa nimenunua kopo la mkaa pale Boko,
nikachemsha chai, nikainywa,
ndipo nikaja kuuzima msitu.

Watu hudhani kazi ni ndimi.
Ndimi zina haya, zinaonekana.
Kazi ni baadaye, moto ukijifanya umekufa,
ukalala kwenye mizizi ukingoja tuondoke.
Basi tunapiga magoti, tunavua glovu,
tunapapasa ardhi shubiri kwa shubiri
kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja.
Kiganja kimekufa ganzi kwa mpini, kitakudanganya.
Penye joto unachimba, unamwaga maji, unakoroga tope,
unapapasa tena.
Giza linatukuta hivyo, watu saba wamesujudu,
kila mmoja kaelekea kwake.

Mpangaji mwenzangu anaamini nauza mkaa.
Ameshaniomba bei ya ujirani mara mbili.
Naoga, maji yanatoka rangi ya chai,
naoga tena, yanatoka rangi ya chai ya pili.
Harufu imehamia kwenye godoro.

Mbonea amelala kinywa wazi.
Wanasema jioni alikohoa, hakumaliza uji.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, naugeuza mkono,
nauweka kwenye paji lake kwa upande ule ule.
Nangoja. Nauondoa. Naurudisha.
Kuna joto.
Kidogo, la chini, la mtoto aliyelala tu,
au lile jingine.
Nalowesha kitambaa. Nangoja tena.

Simu iko juu ya ndoo, imelala kifudifudi.
Naitazama kabla haijalia.